Upande wa Pili Kwanza

Mtu akija kwangu Uru, huku mlimani, na karatasi ya kutia sahihi, kwanza namwangalia viatu. Kijana yule alikuwa na viatu vyeupe, na ilikuwa masika. Maana yake pikipiki ilimfikisha hadi mlangoni. Hakutembea hata hatua kumi kwenye tope letu. Mimi nilikuwa ndiyo natoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo bado kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

Akacheka, akidhani natania. Akasema hakutumwa na mtu. Ametoka Dar es Salaam kuwatafuta watoto wa mpiga gitaa mmoja wa zamani, na akamtaja baba yangu kwa jina ambalo hapa kijijini halikuwahi kutumika, jina lake la jukwaani. Halafu akatoa simu, akaipiga picha migomba.

"Mbona unapiga picha shamba?"

"Pazuri tu, mama."

"Pazuri siku zote. Futa."

Akafuta. Au tuseme alinionyesha kidole chake kikibonyeza kitu, sikuona ni nini.

Nina sababu za kuwa hivi. Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla miaka miwili haijaisha. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Wiki chache baada ya kumzika baba, baba mdogo alileta karatasi akasema ni ya kuombea msaada wa ada za wadogo zangu. Nikatia sahihi na kumwambia asante. Kumbe nilikuwa nimekubali kwamba kipande cha kihamba chetu kilicho kando ya mfereji ni chake. Kihamba ni shamba la nyumbani, la migomba na kahawa, na ndani yake ndimo tunamozika watu wetu. Kipande kile hakijarudi hadi leo. Tangu siku hiyo nasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Mgeni alieleza shida yake. Kabla sijazaliwa, baba na wenzake watatu walirekodi albamu moja ya muziki wa roki. Siyo nyimbo za kucheza harusini, alisema, ila albamu ambayo nyimbo zake zote ni hadithi moja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna aliyeijali wakati ule. Sasa yeye na wenzake wanataka kuitoa upya, na kwa kuwa baba ndiye aliyetunga, wanahitaji sahihi za watoto wake, walau wawili. Alikuwa na santuri yenyewe kwenye begi, pamoja na mashine ndogo ya betri ya kuipigia.

Kwamba baba alipiga muziki tulijua. Sisi tulimfahamu kama mpima kahawa wa chama cha ushirika, lakini gitaa tulisimuliwa, na kanda tulikuwa nayo. Kilichonitia wasiwasi ni hiki: mtu ambaye tayari ana santuri mkononi, anatafuta nini tena kwangu?

Nikamwita yule mdogo wetu wa mwisho. Kazi yake ni kuongoza wageni mlimani, na msimu wa mvua humkuta nyumbani. Nilipotoka kuwapa ng'ombe majani, nikawakuta wawili hao wanakunywa chai kama watu waliobatizwa siku moja.

"Dada, tia sahihi tu. Huyu jamaa yuko poa."

"Umemjua tangu lini?"

"Tangu saa nne."

"Sasa ni saa nne na nusu."

"Si ndiyo hapo! Nusu saa nzima, na hajaiba hata kijiko."

Nikasema sitii sahihi kitu ambacho sijakisikia. Mgeni akaiweka mashine juu ya meza ya sebuleni, akaipangusa santuri kwa kitambaa, akaiweka sindano.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa majogoo, kisha gitaa kali. Mwanamume anafungua mlango wa nyumba yake alfajiri na kukitaja kila kitu anachokiona: mgomba huu, mbuni ule, jiwe la kunolea panga. Wimbo wa pili anateremka hadi tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, na ngoma zinalia kama vyura. Wa tatu yuko kituo cha reli.

Mimi na mdogo wangu tukatazamana.

"Mbona umeanzia mwishoni?" akamwuliza mgeni.

"Huu ndio mwanzo, kaka. Soma mwenyewe. Upande wa kwanza."

Kwenye kanda yetu, nyimbo hizo ndizo za mwisho. Baba aliinakili santuri kwenye kanda akianza na upande wa pili. Kwa hiyo hadithi tuliyoijua sisi ilianza mjini, ndani ya chumba cha kupanga, mtu akiumwa na kinanda kikimlilia kwa muda mrefu. Halafu kimya kidogo. Halafu majogoo! Mtu yuko kwake, amepona, anasalimia migomba yake mmoja mmoja, anateremka kuwatembelea watu wa tambarare. Na ile reli tuliambiana kwamba amekwenda kumpokea mgeni. Baada ya wazazi kuondoka niliwapigia wadogo zangu kanda ile kila walipolia, na walinyamaza kwenye majogoo. Krismasi, ndugu walipopanda kutoka mijini, tuliipiga uani. Shangazi yangu mmoja aliicheza hadi akavua viatu.

Mgeni aligeuza santuri. Chumba cha kupanga tulikifahamu, na kinanda pia. Kinanda kilipokwisha tulikaa tukisubiri kimya, na kimya hakikuja. Ukaanza wimbo ambao hatujawahi kuusikia.

Yule mtu amekufa. Wanaomwosha hawajui lugha ya mama yake. Wanamzika kando ya barabara, kwenye udongo mkavu, na hakuna wa kwenda kuwaambia watu wa mlimani. Sauti zote zinaondoka moja moja, linabaki gitaa la besi peke yake, likirudia mdundo uleule mpaka sindano ikafika katikati.

Mdogo wangu alikuwa ameshika kikombe, hakukiinua. "Yesu Maria," akasema.

Asiyetoka huku ataona ni wimbo wa huzuni tu. Kwetu, mtu akifia mbali, ukoo mzima utahangaika mpaka mwili urudi mlimani, hata kama ni kuutoa ng'ambo ya mpaka wa Holili. Kuzikwa ugenini ni jambo ambalo watu huogopa hata kulitamka. Mgeni alisema mzee mmoja aliyekuwa kwenye bendi, naye kwa sasa ni mgonjwa, alimsimulia kwamba santuri zilirudishwa madukani Moshi mjini zikiwa bado mpya. Watu walisema anayeimba hivyo anajiitia kifo. Nikakumbuka bibi yetu alikuwa akisema kuna muziki wa baba usioingia kwenye nyumba yake. Na shangazi aliyevua viatu kuucheza, kwa maneno ya bibi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulaani. Ni vile tu hakujua kwamba ni uleule.

Hapo mdogo wangu akafanya kosa. Kabla sijamkonyeza, alikuwa ameshaleta kanda na redio kaseti, akaibonyeza. Niliona macho ya mgeni yakibadilika. Aliisikiliza yote, hata chai yake ikapoa. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo ya kutoa. Mtu anaumwa, anarudi nyumbani. Watu wa leo wataipenda hii. Tutasema ndivyo mtunzi mwenyewe alivyotaka."

"Nipe karatasi," nikasema.

Niliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Jamaa wale wawili walitoka nje, wakarudi, wakatoka tena. Kwenye ukurasa wa tatu niliukuta mstari wenyewe: wanaruhusiwa kukata, kuongeza na kupanga upya nyimbo kadiri watakavyoona inafaa.

"Huu unasema nini?"

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Yapo kwenye kila mkataba."

"Hata baba mdogo wangu alisema ni ya kawaida."

Mdogo wangu akaingilia. "Lakini dada, baba mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo."

"Aliipangia nyumba hii. Hakuipangia watu."

"Una uhakika?"

Sina. Niliitoa kanda kwenye redio nikaizungusha kwa kalamu. Nyimbo zote zilikuwa upande mmoja wa kanda, na mwisho wake bado kulikuwa na utepe mwingi mtupu. Kwa hiyo nafasi haikumwishia. Alinyanyua kidole, akabonyeza, akauzuia wimbo wake mwenyewe. Labda alimwogopa mama yake. Labda mama yetu alikuwa ameshaanza kuumwa, na chumba chake kilikuwa nyuma ya ukuta huu. Na nilijiona mjinga: miaka yote nikichunguza maneno ya watu, sikuwahi kujiuliza kwa nini baba anipe hadithi inayokwisha vizuri hivyo. Nilikasirika kidogo, siwezi kuficha. Lakini kitu kile alikifanya ndani ya familia yake. Nje, mbele ya watu wote, alikuwa ameimba ule wimbo hadi mwisho, na walimkataa kwa sababu yake. Sasa mtu aje kumfuta tena kwa kutumia sahihi yangu?

Nikaukata mstari ule kwa wino. Chini yake nikaandika: nyimbo zote zitolewe, kwa mpangilio wa santuri, bila kupunguza wala kuongeza. Kanda inabaki nyumbani.

Mgeni alitoka kupiga simu. Aliporudi alisema wamekubali, akatia sahihi yake pembeni ya maneno yangu kwenye nakala zote mbili. Alikubali haraka mno. Nilimpa kalamu mdogo wangu kwanza, naye akaishika muda mrefu bila kuandika.

"Kwa hiyo yule mtu harudi tena," akasema.

"Hakuwahi kurudi, mdogo wangu."

Akatia sahihi. Nami nikatia, nikaikunja nakala yetu na kuiweka kifuani. Kisha nikamsindikiza mgeni hadi barabarani, siyo kwa heshima, bali nisome namba ya pikipiki iliyokuja kumchukua. Niliiandika kiganjani, na nilipofika ndani nikaihamishia nyuma ya mkataba. Santuri mpya bado haijaja. Ikija nitaisikiliza yote, hadi besi ya ule wimbo wa baba ikatike, ndipo nitajua kama nimshukuru yule kijana au nimtafute.