Neno la Siri Lililotembea Uchi

Mama Stoo alifukuzwa stoo ya dawa kwa sababu ya neno lake la siri. Hesabu za dawa zilizoibwa zilifutwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema aliyefuta ni yeye. Shule hakwenda, kuandika alijifunzia kazini, kwa macho. Msimamizi ndiye aliyemfundisha: kwenye kioo cheusi cha kompyuta andika amri, jina lako na neno la siri, vyote mstari mmoja, halafu bonyeza. Akabonyeza hivyo mpaka akaota mvi. Sasa anafua nguo za watu, na akipita, majirani hukumbatia mikoba yao.

Mdogo wake, ambaye yeye Mama Stoo alimsomesha kwa mgongo wake mwenyewe, ni fundi wa programu hiyohiyo ya hesabu za dawa. Siku moja alimjia uso umemshuka.

"Dada, nimeona tundu. Ukiandika neno la siri kwenye mstari ule, yeyote anayetumia kompyuta ile akifungua orodha ya kazi zinazoendelea ndani yake, analisoma lote."

"Neno la siri gani hilo linatembea uchi?"

"Nimeshaziba. Sasa programu inakuuliza neno lenyewe peke yake, na ukiandika halionekani."

"Hongera. Na mimi?"

Akakuna kichwa. Bosi wake alitaka tangazo kwa wanaotumia programu liseme "marekebisho madogo", basi.

"Nikisema zaidi, dada, kibarua kitaota nyasi."

"Changu kimeshaota msitu, baba."

Hakumsihi. Kusihi kulishamchosha. Aliendelea kukamua shuka, na mdogo mtu akashika ncha ya pili, wakakamua pamoja. Kesho yake akalitoa tangazo, na halikuwa la bosi: tangu programu ilipoanza, maneno ya siri yaliweza kusomwa na wengine.

Mama Stoo akalipeleka kwa msimamizi. Msimamizi akalisoma, akakohoa.

"Hii haisemi kwamba si wewe."

"Wala haisemi ni mimi. Nawe ulisema kompyuta haidanganyi."

"Nafasi yako ina mtu, mama."

"Nafasi sijaiomba. Waite walewale ulionitangaza mwizi mbele yao, uwasomee."

Wakaitwa, wakasimama mlangoni. Msimamizi akasoma huku akimeza maneno.

"Sauti, bwana. Siku ile ulisikika mpaka barabarani."

Akaanza upya, kwa sauti. Mama Stoo akaegemea ukuta kusikiliza. Miguu ilikuwa inamuuma.