Majani ya Nyuma ya Jengo la Tisa

Kwa miaka ishirini na sita alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali, na katika miaka hiyo yote halikupotea shuka hata moja. Si jambo dogo hilo. Shuka la hospitali hupita mikono mingi, na kila mkono una kishawishi chake. Yeye alisimama mlangoni akihesabu yanayoingia na yanayotoka, na hata daktari mkuu alipotaka taulo la ziada aliambiwa atie sahihi kwanza. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na maneno matamu. Saa ilisimama mwezi wa pili.

Ndiyo maana ofisi ya nyumba ilipobandika tangazo la kutafuta wakazi wa kujitolea kukagua viwanja, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Mtaa wao una majengo tisa ya ghorofa nne nne, na kati yake nyasi, maua, ua wa michongoma na njia za saruji. Ilikuwapo kampuni ya kukata majani na kufagia, lakini hakuwapo wa kuangalia kama kazi imefanyika. Mali ya wote mara nyingi ni mali ya mbuzi. Walijitokeza watatu. Mmoja akahama, wa pili akachoka, akabaki yeye.

Walifundishwa asubuhi moja tu. Afisa wa nyumba, kijana mpole mwenye kikohozi, aliwapa fomu na kadi yenye picha nne za nyasi: alama nne ni safi, alama moja ni aibu. Mahali pamoja pakipata moja wiki tatu mfululizo, mfanyakazi wa eneo hilo anaondolewa. Kisha akawapa sharti.

"Msiandike kitu mpaka mmesimama penyewe. Tieni mguu kwenye majani. Yakipita kifundo, ni moja. Hujasimama, hujaona."

Sharti hilo lilimkaa moyoni kama wimbo. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi alitoka na ubao wake wa kushikia karatasi, viatu vya raba miguuni, akianzia jengo la kwanza. Wakazi wakambandika jina: Bi Alama. Mdogo wake, msusi aliyekuwa akiishi naye, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Dada, na mimi nipe alama. Hizi nywele zangu ni nne au tatu?"

"Nywele zako hazimo kwenye fomu."

"Basi andika ugali wangu."

"Ugali wako ungekuwa umeshaondolewa wiki tatu zilizopita."

Aliyekata majani alikuwa mtu mzima mwembamba, wakimwita Mzee Kamba. Hakukata ukingo wowote kwa kukadiria. Alichomeka vijiti viwili ardhini, akavuta kamba nyeupe katikati, akakata kando yake mpaka ukingo ukanyooka kama umepigiwa rula. Bi Alama alimheshimu kwa hilo, na mara nyingi alimpa nne. Hawakuzungumza sana. Watu wawili wenye kujali kazi hawahitaji maneno mengi.

Halafu mashine ya kampuni ikaharibika, na mzee akabaki na fyekeo la mkono kwa majengo tisa. Nyuma ya jengo la tisa, chini ya ngazi ndefu ya saruji, kuna kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa vyumba viwili, kinachotengwa kwa uzio wa waya na kiwanja kilichotelekezwa. Hapo hakufika kwa wakati. Wiki ya kwanza Bi Alama alishuka, akatia mguu, majani yakapita kifundo: moja. Wiki ya pili hivyo hivyo. Alama hizo zilikuwa za haki, na mzee mwenyewe hakulalamika.

Jumatatu ya tatu ilinyesha, na goti la Bi Alama lilikuwa limevimba. Alipofika jengo la saba alipanda ngazi za ndani mpaka dirisha la ghorofa ya nne, mahali pakavu, akatazama chini kule nyuma ya jengo la tisa. Aliona majani marefu yakiyumba kwenye mvua. Akaandika moja. Akatia sahihi.

Saa tisa mchana mlango ukagongwa. Mzee Kamba alikuwa amesimama nje ameloa, fyekeo lake mkononi.

"Mama, nimesikia ofisini. Kule nyuma ya tisa nilipakata jana kutwa nzima, kuanzia asubuhi. Ulisimama wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda ya maisha yake, na ilikuwa kizingitini mwa mlango wake mwenyewe. Kukosea si dhambi. Goti huuma, mvua hunyesha. Lakini aliulizwa swali jepesi lenye jibu jepesi.

"Nilisimama panapotakiwa," alisema.

"Twende basi mara moja. Utie mguu tu."

"Kilichoandikwa kimeandikwa, baba."

Mzee alimtazama bila hasira. Akaitikia kwa kichwa, akashuka.

Siku ya tatu goti likapoa, akaenda. Kipande kile kilikuwa kimekatwa, safi kabisa, kingo zimenyooka, vijiti na kamba bado vimesimama. Majani marefu aliyoyaona dirishani yalikuwa ng'ambo ya uzio, kwenye kile kiwanja kilichotelekezwa. Kutoka juu, uzio hauonekani. Alisimama pale akijua kila kitu. Angeweza kwenda ofisini siku ile ile. Alijiambia kwamba fomu imeshapelekwa, kwamba mzee atapata kazi kwingine, kwamba aliyehesabu shuka miaka ishirini na sita hawezi kuanza kusema amekosea. Aling'oa vijiti, akaviringa kamba, akaitupa pipani.

Jumatatu iliyofuata kamba ilikuwapo.

Ilikuwa imevutwa vile vile kati ya vijiti viwili, nyeupe, imekaza. Alidhani wafanyakazi wapya wameiweka. Aliwakuta jengo la pili, vijana wawili na mashine mpya.

"Kule nyuma ya tisa mmepakata vizuri," alisema.

Wakatazamana.

"Kule? Hatujapakata, mama," mmoja alijibu. "Mashine tukiifikisha pale inazimika. Tukiirudisha juu, inawaka."

"Huyu anaogopa majoka tu," mwenzake alimcheka. Lakini naye hakusema kwamba amewahi kushuka.

Msimu wa mvua ulikuwa umekolea. Mtaa mzima majani yalipanda kwa pupa. Ukikata leo, keshokutwa yamekuzidi. Nyuma ya jengo la tisa hayakukua. Wiki ya nne, ya tano, ya sita, yalibaki urefu ule ule, chini ya kifundo, na hapakuwa na hata jani moja lililokatwa limelala chini. Ndege hawakutua pale. Upepo uliyumbisha majani ya ng'ambo ya uzio, ya upande huu yakatulia kama zulia. Bi Alama aliandika nne, kila wiki nne, na kila alipoandika alihisi anaandika kwa mkono uliotiwa ganzi.

Wiki ya saba akaona nyayo. Palikuwa na umande, na katikati ya umande zilikuwapo nyayo mbili, zimekaa sambamba, za mtu aliyesimama muda mrefu. Hakukuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka. Vidole vilielekea juu, upande wa jengo la saba.

"Dada, umekonda," mdogo wake alimwambia jioni ile. "Hayo majani unayakagua au unayala?"

Hakucheka. Mdogo wake akaweka kitana chini.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Wewe hujui kusema uongo. Tangu utotoni hujui. Unaangalia mlango."

Kweli, alikuwa akiangalia mlango.

Wiki ya tisa mlango huo ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani kwa vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano, amevaa nguo za msiba. Akajitambulisha: binti wa Mzee Kamba. Baba yake alifariki wiki nne baada ya kuondolewa. Hakuugua. Alikaa tu kwenye kiti, akawa hali chakula.

"Sikuja kugombana, mama," alisema alipoketi. "Tulikuta barua ya ofisi mfukoni mwa koti lake. Inasema ameondolewa kwa uzembe. Baba hakuwa mzembe. Ofisini wameniambia barua haibadilishwi ila mkaguzi mwenyewe akanushe fomu yake. Nataka karatasi inayosema kweli, niiweke mahali pa ile. Sitaki kingine."

Mdogo wake Bi Alama alileta chai, akarudi jikoni.

"Nikuulize tu," binti aliendelea. "Ulisimama pale?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa sauti iliyofanana na ya baba. Bi Alama alijiona mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, jina lake mbele ya majengo tisa. Akajikuta anaangalia mlango.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

Jumatatu kulikucha bila mawingu. Hakuanzia jengo la kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka ngazi ndefu, akashuka akihesabu vidato, kumi na vinne. Nyayo mbili zilikuwapo, mbichi. Kisha akavua viatu vya raba, akatia mguu wa kulia kwenye alama ya kulia, wa kushoto kwenye ya kushoto. Umande ulikuwa na ubaridi usio wa asubuhi ile. Akainua uso kule vidole vilikoelekea.

Kwenye dirisha la ghorofa ya nne la jengo la saba alisimama mwanamke mwenye ubao wa kushikia karatasi. Alikuwa mkavu, amejifunika kitambaa kama chake cha Jumatatu ile ya mvua. Bi Alama akapunga mkono. Akapaza sauti, "Niko hapa! Shuka uone!" Mwanamke hakumtazama. Macho yake yalipita juu ya kichwa chake, yakatua ng'ambo ya uzio. Akaandika kitu kifupi, akatia sahihi, akageuka.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu akapanda ngazi, viatu mkononi, akaenda hivyo hivyo mpaka ofisini. Watu walimtazama, akawaacha watazame.

"Mama, hiyo fomu imeshafungwa," afisa alisema, akikohoa. "Na mwenyewe ni marehemu. Itasaidia nini?"

"Ifungue. Nipe karatasi."

Aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: kwamba tarehe fulani hakusimama mahali pale, kwamba aliandika kutoka dirishani, kwamba mzee alipomuuliza alidanganya, na kwamba alipojua kweli siku ya tatu alinyamaza. Alitaka nakala mbili, moja ya binti, moja ya ubao wa matangazo. Afisa alimsihi aliondoe lile neno "nilidanganya", aweke "nilikosea".

"Hayo ni mambo mawili," alisema.

Aliacha ubao wake na kadi yenye picha nne juu ya meza. Hakungoja aombwe.

Wiki ile wengine mtaani waliacha kumsalimu. Mwingine alimwita Bi Alama kwa kicheko kibaya, naye akaitika, maana lilikuwa jina lake. Binti alikuja kuchukua karatasi. Aliisoma amesimama, akaikunja mara mbili, akasema, "Asante," bila kutabasamu.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu, alishuka ngazi mikono mitupu. Mdogo wake alimfuata, maana alikataa kumwacha peke yake.

Kamba haikuwapo. Vijiti havikuwapo. Majani yalikuwa yamepanda kwa siku saba kimo cha wiki nane nzima, yamelala upande mmoja kwa uzito, na panzi walirukaruka ndani yake. Bi Alama alitia mguu. Yalipita kifundo, yakafika karibu na goti.

"Haya, mkaguzi," mdogo wake aliuliza kwa upole. "Alama gani?"

"Moja," alisema, na machozi yakamtoka.

Kisha akarudi juu kuazima fyekeo.