Mama Mashine na fundi aliyebaki nyumbani

Saa tatu asubuhi. Mama Mashine ameketi sakafuni nyuma ya mashine ya kufulia, kichwa karibu chote kimezama ndani. Mwenye nyumba amemfungulia mlango, amemwonyesha jiko, kisha amejifungia chumbani na simu yake.

Kabla ya kuchomoa waya wa umeme, kioo kidogo cha mashine kilikuwa kinaonyesha namba ya hitilafu ya mota. Nguo zimelowa ndani, pipa halizunguki. Mama Mashine ameshika nyaya mbili za mita ya kupimia umeme, moja kila mkono, amezigusisha kwenye sensa inayopima mwendo wa mota.

"Zungusha!" anasema, macho kwenye mita.

Mbele ya mashine hakuna mtu. Anacheka peke yake.

"Umeniona nilivyo chizi?" ananiuliza mimi niliyesimama mlangoni na daftari. "Mwaka mzima sasa, na mdomo bado haujajua."

Mdomo ulizoea kazi ya watu wawili. Kwa miaka kumi na tisa yeye alikaa nyuma na mita, mume wake akakaa mbele akizungusha pipa kwa mkono. Mume ndiye aliyemfundisha. Kisha kiharusi kikamwangusha mume bafuni, kikachukua mkono wa kulia na nusu ya maneno yake.

Mafundi wenzake humtania kwamba anajitesa bure, kuna vibanio vya kushika nyaya. Anavyo. Anavitoa mfukoni, anabana, anazunguka mbele na kuzungusha pipa huku shingo ameirefusha asome mita. Kazi inakwenda.

"Ila havina stori," anasema.

Hiyo sensa ni nzima. Hapo mwanzo alikwisha kagua soketi ya waya, kwa sababu mtikisiko huilegeza, na haikuwa na neno. Zinabaki kaboni, vijiti viwili vinavyopeleka umeme ndani ya mota na kulika taratibu kama sabuni. Anazichomoa. Moja imebaki kipande kisichozidi ukucha.

"Hii namba husema mota, watu wakakimbilia kununua mota," anasema akipuliza vumbi jeusi. "Maskini mota hata haina kosa."

Zamani wawili hao walimaliza nyumba tano kwa siku. Sasa akijitahidi sana ni mbili, na mashine nzito huzikataa kwa sababu hana wa kumsaidia kuzivuta kutoka ukutani. Lakini ukimsikiliza, kinachomuuma ni jioni. Anarudi, anapika, anasimulia ya kutwa, na mume wake anageukia dirisha. Binti yao aliolewa mbali. Nyumba ina watu wawili na kijiko ndicho kinachosikika.

Ameshamwomba watoke pamoja. Kuzungusha pipa kunataka mkono mmoja tu, na wa kushoto anao. Jibu lilichukua muda kutoka, anasema, na lilipotoka lilimkata maini.

"Aliniambia, 'Sitaki kuonewa huruma kwenye majiko ya watu.' Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa."

Wiki iliyopita akabuni ujanja. Alirudi na mota mbovu, akaitua mezani mbele ya mume wake, akalalamika mpaka akachoka: imemshinda, namba haieleweki, kesho atairudisha kwa mteja na aibu yake. Akaingia jikoni, akachungulia.

 Mkono wa kushoto wa mzee ukanyooka, ukazungusha mota. Akainamisha sikio. Akazungusha tena.

"Kaboni," akasema. "Ya huku."

"Nilijua tangu asubuhi!" Mama Mashine anacheka mpaka machozi yanamtoka, na yakishatoka hayaonyeshi dalili ya kukoma. Anajifuta kwa mkono wenye vumbi na kujipaka masizi shavuni. "Lakini nilimwambia asante, fundi. Akanitazama. Hakugeukia dirisha."

Anaweka kaboni mpya, anarudisha mfuniko, anachomeka umeme. Pipa linazunguka, namba imetoweka. Mwenye nyumba anatoka, analipa, anarudi chumbani bila kuuliza ilikuwa nini.

Jumatatu ana kazi nyingine. Mteja alipopiga simu, aliulizwa kwanza kama nyumba ina ngazi, ndipo akaulizwa mashine inasumbuliwa na nini. Haina ngazi.

"Nimemwambia tunakuja wawili," anasema akifunga mkoba. "Mzee mwenyewe bado sijamwambia. Nimefua ovaroli yake, nimeitundika atakapoiona akiamka."

Na asipoivaa?

Anatupia mkoba begani.

"Nitakwenda. Nitamwambia mteja mwenzangu yuko njiani, amechelewa tu."