Begi la Mgongoni la Mtoto wa Bosi

Hii hadithi hainipambi. Nikiisimulia mbele ya watu huwa naikata pale ambapo bado naonekana mjanja, watu wanacheka, tunaendelea na mengine. Leo naimaliza yote. Ukifika mwisho ukaona mimi ni mjinga, ujue hatujabishana.

Nilikuwa dereva wa nyumba Riyadh. Shule niliishia darasa la nane, sekondari nikaiona kwa nje tu nikipita. Miaka ile kila mtaa kwetu ulikuwa na ajenti anayetafuta watu wa kupeleka Saudia, na mimi nikapelekwa. Kwenye hiyo nyumba kulikuwa na baba, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani pasipoti yangu ililala kwenye droo yake. Kulikuwa na madam, mabinti wawili, na mtoto wa kiume ambaye tulizaliwa mwaka mmoja, yeye na mimi. Jikoni alikuwepo dada mmoja Mkenya mwenzangu, mtu wa Kitui, aliyenizidi kama miaka kumi na akili kama ishirini.

Kijana wa bosi alifanya kazi ofisi moja pale Olaya. Asubuhi nampeleka, jioni namrudisha. Wenzake wote walikaa kiti cha nyuma kama mizigo ya heshima, lakini yeye alikaa mbele na mimi. Tuliongea kwa Kiarabu changu cha garini, ambacho kilikuwa na maneno kama sitini na mikono miwili.

Jioni moja nikiwa nimeegesha nje ya ofisi yake, akaja na ramani ya karatasi, akaitandaza juu ya boneti na kuniambia nishike kona mbili upepo usiichukue. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari kuanzia juu kushuka chini: Kolombia, Ekwado, Peru, Bolivia, Chile, Ajentina. Akasema atapita zote hizo kwa miezi mitatu, peke yake, na begi moja mgongoni. Ofisi imempa ruhusa. Baba anajua na amekubali. Madam ameambiwa anaenda Hispania kusoma lugha, atakaa na familia moja ya watu wazuri. Akijua ukweli ataugua siku hiyo hiyo, na akiugua, safari imekufa. Kwa hiyo, akaniambia, wanaojua ni baba, dada yangu mdogo, na wewe. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kunyamaza.

Nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida. Nikakunja ramani. Lakini roho ilishaanza kuniuma, na mimi roho yangu ikianza kuuma haichagui saa.

Si kwamba aliniringia. Angeniringia ingekuwa rahisi, ningemchukia nikalala vizuri. Alikuwa ananiuliza vitu kama mtu anayemuuliza mwalimu. Alikuwa amesoma kwamba huko watu wa mabegi wanalala nyumba za bei nafuu, wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na choo ni cha wote. Alisimulia hivyo vitanda macho yakimwaka. Mimi nikakumbuka Nairobi kwa ajenti, tukingoja visa, tulilala kumi na wawili chumba kimoja na mmoja alikuwa anaota kwa sauti. Hakuna aliyetuambia hiyo ni raha. Nikamuuliza kama mwenye nyumba anaweza kumpunguzia bei nikija mimi kukoroma. Akacheka sana. Mimi nilicheka nusu.

Akataka nimfundishe kufua kwa mikono. Tukaingia kichumba changu pale kando ya geti, nikampa beseni, sabuni ya kipande na soksi zake mwenyewe. Nikamwonyesha unavyosugua kisigino kwa kisigino. Alikunja uso kama anafanya mtihani wa taifa. Dada wa jikoni alipita akaona, akaniambia kwa Kiswahili ili kijana asielewe: "Mdogo wangu, ukimaliza kumfundisha huyo, kuna mashuka." Nikamwambia huyu ni mwanafunzi wa soksi tu.

Siku nyingine nikampeleka kliniki akachomwa sindano ya homa ya manjano, kwa sababu ya misitu ya huko. Akatoka ameshika mkono kama amepigwa risasi, na ile kadi ya njano anaipeperusha ili nione. Nikafungua pochi yangu nikamtolea ya kwangu. Nilichomwa Nairobi kabla ya kupanda ndege. Akashangaa kweli: na wewe ulienda wapi? Nikamwambia nilikuja kukuendesha.

Halafu akanunua masomo ya Kihispania. Yalikuwa kwenye sidii, tunaziweka asubuhi kwenye foleni, mwanamke anasema sentensi na sisi tunarudia. Hapo nilimshinda. Mimi lugha nazishika kama mafua. Kufikia wiki ya pili nilikuwa naweza kuomba chumba chenye dirisha, kuuliza basi linaondoka saa ngapi, na kusema supu imepoa. Yeye bado alikuwa anahesabu mpaka kumi akiruka saba. Ndipo nikajiona nimekaa kwenye foleni ya Olaya, najua kuomba chumba kwenye nchi ambazo sitaziona, nikimsaidia anayeziendea. Niliizima ile redio nikasema injini inapata moto. Injini na redio haziko pamoja hata kidogo, na nadhani hata yeye alijua.

Ramadhani ilipoisha, familia ikaenda Jeddah kwa bibi, mama yake madam, aliyekaa mtaa wa Al-Baghdadiyah; baba akabaki Riyadh na kazi zake. Safari ya kijana ilikuwa imebaki wiki tatu. Ili ajizoeze, alijaza begi lake chupa za maji akalivaa akatoka kwa miguu mpaka Balad, mji wa kale, kwenye jua lile la Jeddah ambalo hata paka wanalikwepa. Madam aliambiwa ni mazoezi ya mgongo. Na kwa sababu madam ni mama, alinituma nimfuate na gari. Basi mtoto wa bosi anatembea mbele amebeba maji, mimi nyuma kwa gia ya kwanza, taa zinawakawaka, AC imenipuliza mpaka pua. Tulipofika Balad, kwenye vichochoro vya nyumba za zamani, hamali mmoja mzee akamkimbilia amtue begi. Kijana akakataa. Mzee akamshika mkanda, akakataa tena. Yule mzee alikasirika vibaya, akamuuliza kama siku hizi watoto wa matajiri wameanza kuwanyang'anya kazi na hii ya kubeba. Nilicheka mpaka nikaficha uso kwenye usukani.

Akaja akaegemea dirisha langu, jasho linamtiririka, nikampa maji baridi. Akanywa. Akaniangalia vizuri, kwa upole kabisa, akaniambia: "Unajua mimi nakuonea wivu?"

Nikamuuliza wivu wa nini.

"Wewe ulitoka kwenu peke yako na begi moja. Hukujua mtu. Hakuna aliyekufuata na gari."

Yaani hata wivu wangu alitaka kuuchukua. Kitu pekee kilichokuwa changu kwenye ile nyumba, naye akakitaka. Nilimwambia panda gari, yalla, mama yako anangoja. Nikawasha redio, sauti juu, hadi nyumbani.

Kesho yake madam akataka nimpeleke Balad kununua ubani na vitambaa. Tukirudi, gari limekwama nyuma ya mkokoteni wa mazulia, akaanza kuongea peke yake kule nyuma. Mtoto amekuwa mweusi kwa jua. Mtoto anafua soksi, amemkuta bafuni kwa bibi akifua. Kwani huko Hispania hiyo familia haina mashine?

Hapo ndipo huwa naikata hadithi. Nikifika hapo, nawaambia watu kwamba lilinitoka tu, mzaha uliteleza. Haukuteleza. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, neno ambalo nalijua kwa lugha nne. Nikamwambia: "Madam, wanaolala wanane chumba kimoja hawana mashine."

Akauliza taratibu wanane gani. Na mimi nikazitaja nchi zote sita kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Nikaongeza na mabasi ya Bolivia ya mwendo wa saa ishirini, ambayo hata hakuniuliza.

Hakupiga kelele. Alisema halas, basi, turudi nyumbani. Tulipofika getini, kabla ya kushuka, akaniambia hatasema kwamba ni mimi, na kwamba nimefanya vizuri, nikisikia kingine nimwambie. Mtu akikwambia umefanya vizuri halafu ukatamani angekutukana, ujue kuna kitu umefanya.

Madam akalala kwenye chumba cha mama yake, akafunga pazia, akasema hatakula mpaka mtoto wake aape kwamba haendi. Bibi naye akasema asipokula binti yake, na yeye hatakula. Siku mbili dada wa jikoni alipeleka sinia na kurudisha sinia. Akanikuta nje nafuta gari ambalo lilikuwa safi. Akasimama akaniangalia tu, na sinia yake, kisha akaniuliza kwa nini safari hii nimekosa la kusema. Nikamwambia joto. Baba akaja kwa ndege kutoka Riyadh. Wakafungiana sebuleni, na jioni yake uamuzi ukatoka. Kijana ataenda. Lakini hataenda peke yake, na hatalala na watu asiowajua. Wataenda wote, wiki mbili, Brazili na Ajentina, hoteli nzuri, baba, madam, mabinti wawili na yeye. Na kwa sababu familia kama ile haisafiri bila mtu wa kuwatengenezea chai yao, dada wa jikoni ataenda nao.

Nilidhani nimesikia vibaya. Dada. Ambaye nikimtajia Ajentina alikuwa anauliza iko upande gani wa Dubai.

Tuliporudi Riyadh, baba aliniita ofisini kwake nikambebee mafaili. Akafungua droo, akatoa pasipoti ya dada wa jikoni aipeleke kuombewa kibali cha kutoka nchini na kurudi. Ya kwangu ilikuwa chini yake, jalada juu. Akafunga droo. Nilibeba yale mafaili hadi garini nikajiambia eti mimi ndiye mjanja wa nyumba hii.

Siku ya safari nilipanga masanduku kwenye gari mbili, na moja nilipakia upya mara tatu kwa hasira tu. Kijana alikaa mbele na mimi kama kawaida. Begi lake halikuwa kwake. Madam alilijaza mchele, kahawa, iliki na chupa ya chai, akampa dada alivae. Nilimwona dada akiingia pale uwanja wa ndege, begi la kupanda milima limemzidi kichwa, abaya imenaswa kwenye mikanda, pembeni mabinti wanapiga picha. Kijana alimfuata nyuma mikono mitupu. Hakuwa na sura ya mtu anayesafiri. Alikuwa na sura ya mtu anayesindikiza.

Wiki mbili nilimwagilia maua na kumwonea wivu mwanamke wa watu. Alinitumia picha moja kwa simu: dirisha la hoteli, nje mvua. Akaandika kwamba mvua ya huko ni kama ya kwetu mwezi wa nne, na kwamba kijana anashinda chumbani. Sikumjibu siku tatu. Nilikuwa naitoa ile picha, naikuza kwa vidole, natafuta mlima.

Waliporudi, dada aliniletea sabuni ya hoteli na kunieleza alichoona, ambacho kilikuwa hasa jiko la umeme chumbani na watoto wa watu wengine kwenye bwawa. Nilimsikiliza kwa kijicho mpaka sabuni ikaanza kuyeyuka mkononi. Kisha akasema jambo moja, bila kunishtaki, kwamba yule kijana jioni moja alishuka peke yake kituo cha mabasi, akasimama akiangalia watu wenye mabegi wakipanda, akarudi kabla ya chakula mama yake asishtuke.

Jumapili asubuhi, siku ambayo kule wiki ya kazi huanza, nikampeleka kazini. Akakaa mbele. Hatukuweka sidii. Tulipofika karibu na Olaya, magari yamesimama, akaanza kuongea akiangalia mbele. Akasema amefikiria sana ni nani aliyemwambia mama yake. Baba hawezi. Atakuwa dada yake mdogo, yule hana siri, tangu siku hiyo haongei naye. Mimi nikashika usukani kama uko karibu kung'oka. Nilikuwa na nafasi tena, ya pili, na neno "ni mimi" nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nyuma mtu akapiga honi, nikasogeza gari.

Nilipomfungulia mlango mbele ya ofisi, akanishika bega, akasema: "Mwaka ujao nitajaribu tena. Safari hii simwambii mtu yeyote. Wewe tu."