Hakuna Aliyeniuliza Mume Wangu

Nilianza kunywa gongo nikiwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, Musoma, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Baadaye mambo yakafunguliwa. Sabuni ikajaa madukani, na sisi makarani tukapunguzwa kazini. Nikaingia kwenye mitumba. Meza yangu ilikuwa Nyakato, hapo hapo Musoma, na siku za mnada nilifunga mzigo nikaenda Bunda au Butiama. Gongo nilibeba kwenye chupa ya chai, nikinywa kikombeni taratibu kama mtu mwenye koo bovu. Mwanamke akilewa mara moja hadharani, mji mzima unajua. Akinywa kidogokidogo tangu asubuhi, watu husema ni mpole.

Mume wangu, fundi seremala, alikuwa hanywi kabisa.

Siku moja mikono ilinitetemeka hadi nikashindwa kukunja gauni mbele ya mteja. Akalikunja mwenyewe, akaliweka mezani, akaondoka bila kununua. Jumapili iliyofuata lilitangazwa kanisani kundi la wanaotaka kuacha pombe. Lingekutana kwenye darasa la watoto. Nikaenda.

Nilikuta wanaume tupu, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti juu. Mwenyekiti alinipokea kwa heshima.

"Karibu mama. Mume wako ni yupi hapa, au bado hajafika?"

Nikasema nimekuja mwenyewe.

"Umefanya vizuri. Mwambie asiogope, hapa tunakaaga kama ndugu."

Wanaume wengine walitikisa vichwa kwa huruma. Nikashukuru, nikatoka. Sikurudi.

Bunda nilipelekwa na muuza dagaa tuliyekuwa tukipanga naye bidhaa jirani. Alisema kuna akina mama wanaosaidiana juu ya pombe, wanakutana nyumbani kwa mmoja wao mnada ukiisha. Nilidhani hatimaye nimefika. Walikuwa wake za walevi. Mmoja alisimulia jinsi mumewe alivyoezua bati za jikoni akaenda kuzinywea, na yeye akapika mvua ikimnyeshea. Zamu yangu ikafika. Nikasema wangu naye anakunywa. Wakanishika mabega, wakamwombea mume wangu kwa machozi, mtu ambaye saa hiyo alikuwa akipiga randa Nyakato na hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha.

Nilipotoka, yule wa bati alinifuata hadi barabarani.

"Dada, wewe siyo mke wa mlevi."

Nikaanza kuufunga upya mzigo wangu.

"Mimi nimelala na harufu hiyo tangu niolewe. Ikiwa ya mume inakaaga kwenye shuka. Yako iko mdomoni."

Hakusema kwa hasira. Akaniambia kuna watu wanakutana Butiama siku ya mnada, kwenye ghala la pamba lisilotumika. Kaka yake anaendaga huko.

"Wanawake wapo?" nikamuuliza.

"Yupo mmoja. Anatosha."

Ghala lile nililijua kwa aina, maana nilishaandikia mengi kama hilo stakabadhi. Ndani walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu: kaka mtu, dereva mmoja mstaafu wa jeshi, wakulima wawili watatu, na mjane mnene aliyevaa koti la kiume. Hakuna aliyeniuliza mume wangu. Kila mtu alieleza tu yaliyompata tangu walipoagana mnada uliopita. Dereva alikuwa amekunywa Jumamosi, akasema hivyo tu. Wengine wakaitikia "haya," kama mtu anavyoitikia habari za mvua.

Mjane akanigeukia. "Na wewe, mama, unakunywa nini?"

"Gongo."

"Unaitoa wapi?"

Nikamtajia njia inayopita mzigo ule mpaka Musoma, na mwanamke anayeupokea. Akafikiri kidogo.

"Basi huenda umekunywa ya kwangu. Huyo nilimpikiaga mpaka mwaka jana. Niliacha kupika baada ya kuacha kuonja. Kupika bila kuonja sikuweza."

Akasogea, nikakaa kwenye gunia lake.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu. Alikuwa akinoa msumeno, akaendelea kunoa.

"Nilishangaaga," akasema, "chai gani ambayo mke wangu hanigawii."

Kisha akauliza mnada wa Butiama ni siku gani, ili siku hiyo asichukue kazi, akae yeye kwenye meza yangu. Akakaa kweli, na aliuza vibaya sana, kwa sababu kila mteja alimweleza kasoro za nguo.

Kuacha hakukuwa kwa mara moja. Nilikaa vizuri hadi msiba wa mama, ambako matanga yalikuwa na pombe kila kona, nikanywa, na baada ya hapo sikuonekana ghalani kwa muda. Mjane alikuja Nyakato kwa basi la asubuhi, akakaa mezani kwangu akipekua masweta. Hakutaja pombe. Alichagua moja la kijani, akalipia, akasema dereva ananisalimia na kwamba sasa wanakutana kwenye jiko la shule, maana ghala limechukuliwa na mnunuzi binafsi. Akanielekeza mlango.

Mnada uliofuata nilikwenda. Zamu yangu ilipofika nikasema nilikunywa msibani. Wakaitikia "haya," na mkulima aliyekuwa pembeni yangu akaanza kueleza ya kwake.