Nilimwacha Mzee Aamini Amesahau Kuvua

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Sikulewa, sikulazimishwa, sikudanganywa na mtu. Ni mdomo wangu ulioniponza!

Mimi ni Mkenya, baba wa watoto wawili, naishi Burnsville, huku ughaibuni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza huko New Hope. Kuna mmoja, nitamwita Mzee tu, ambaye nimemwogesha na kumvisha kwa miaka mitatu. Ameanza kusahau. Jina la mkwewe linampotea, na chakula cha mchana anakiulizia akishakila. Lakini muulize habari za kuvua samaki, jamani! Hapo hakukuwa na kilichopotea.

Ni yeye aliyenifundisha, mimi mtu wa Nyeri ambaye samaki nilimjulia kwenye kitabu cha shule! Alinielekeza kwenye kibwawa nyuma ya mtaa alikoishi zamani, dakika kumi kutoka kwangu. Akanieleza kwamba barafu ikishayeyuka, wale samaki wanaoitwa bass bado ni wazito kwa baridi, hawafukuzi kitu.

"Nenda upande wa kaskazini, ndiko maji yanakopata joto kwanza," aliniambia. "Achana na vyambo vya chuma vinavyometameta. Funga mnyoo wa mpira, mdogo, mweusi. Utupe karibu na manyasi, halafu usifanye kitu. Hesabu hadi ishirini. Ukidhani umengoja vya kutosha, ngoja tena."

Haki ya Mungu, nilinasa jike kubwa ajabu! Nilimpiga picha nikamrudisha majini, kwa sababu majira hayo majike wana mayai, na sheria hairuhusu kuwabeba mpaka msimu ufunguliwe. Mzee alikuwa amenionya pia nisimwambie mtu. Kibwawa ni kidogo, alisema, watu wachache tu wanaweza kukimaliza.

Sasa, tuna grupu la WhatsApp la wanaume wa kanisani. Humo yumo Otieno, rafiki yangu wa Kisumu, ambaye hunitania kila siku. Nilipoweka ile picha akaandika, "Buda, mtu wa mlima na samaki ni wapi na wapi? Hiyo ume-download!" Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira ya kijinga. Nikatuma location. Nikatuma na mnyoo mweusi, na upande wa kaskazini, na hesabu ya ishirini, yote!

Jumamosi tukaenda watu sita, na ndoo. Msidhani nilikataza. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu! Tulikaanga wale samaki na mayai yao, tukala na ugali, na Otieno akasema, "Bro, leo nimekuheshimu. Sasa wewe ni wa ziwa." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Wikendi mbili zilizofuata walirudi bila mimi, wakaleta na marafiki zao.

Kisha binti ya Mzee akaomba tumpeleke baba yake kibwawani siku ya kuzaliwa kwake. Nilitafuta visingizio vyote: upepo, matope, kiti cha magurudumu. Tukaenda.

Mzee alifunga mnyoo wake mwenyewe. Akaurusha pale pale penyewe, kando ya manyasi, akahesabu kwa sauti. Hakuna. Akabadilisha rangi, tukamsogeza, akahesabu tena. Saa tatu nzima, hata kuguswa mshipi haukuguswa! Nilikuwa nyuma ya kiti chake nimeshika vishikio.

Akaitazama mikono yake. "Kuna kitu nilikuwa nakifanya," akasema, "nimekisahau. Hata hiki kimeondoka."

Hujasahau, Mzee! Ulifanya kila kitu sawasawa! Ni sisi! Lakini hayo niliyasema moyoni tu.

Tangu siku hiyo hataji samaki. Chakula anakisukuma kando. Binti yake ameamua ahamishiwe upande ule wenye mlango wa kufungwa kwa namba, kwa wale wasiojitambua tena. Anasema pale kibwawani ndipo alipojua baba yake amekwisha. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayemjua zaidi, ameniomba nithibitishe hivyo kwenye kikao Alhamisi hii.

Nikisema ukweli, nimejitaja kwamba nilivunja sheria, na karatasi zangu za uhamiaji bado zinasubiri. Nimewataja na wenzangu. Mke wangu ameniambia, "Baba Shiru, nyamaza. Think about the kids." Nikinyamaza, Mzee anafungiwa kwa sababu yangu. Nikigeuka huku ukuta, nikigeuka kule ukuta. Silali, sili, na kazini naingia kila siku nikitabasamu!

Jana nilipokuwa namvisha soksi aliniuliza, "Hivi ni kweli niliwahi kujua kuvua?" Nikamwambia ndiyo, sana. Akanipapasa bega, akanishukuru kwa kumfariji.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa siri usiitoe kwa sababu umechekwa. Kuchekwa hakuui! Na kama umeshaitoa, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka, kabla kosa lako halijageuka kuwa ugonjwa wa mtu mwingine.