Maktaba Ndogo ya Fanuel Mwandawiro

Fanuel Mwandawiro alikuwa akiandika programu za kompyuta katika kampuni moja jijini Nairobi alipopata kiharusi. Hakuwa hata amefikisha miaka arobaini. Alipotoka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamemtoroka. Alikijua kijiko, lakini jina lake halikuja. Mkewe, Syokau, akamrudisha Voi, kwenye nyumba yao ya mtaa wa Mwakingali, akaweka cherehani yake barazani ili ashone akiwa karibu naye.

Jamaa walishuka kutoka Mwanda, kijijini kwao milimani, kumwona. Waliongea naye polepole, kwa sauti ya juu, kama wanaobembeleza mtoto. Wengine walimuuliza Syokau, "Amekula?" huku mgonjwa mwenyewe ameketi pale pale. Fanuel alielewa yote.

Siku moja aliomba laptop kwa kuinyooshea kidole. Akafungua kazi zake za zamani, akazitazama mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameziandika mwenyewe, na sasa hakuweza kuzisoma.

Mama mmoja mtaalamu aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya kuongea alimshauri aanze na kitu kidogo. Basi Fanuel akaamua kujenga maktaba ndogo ya JavaScript, lugha mojawapo ya kuandikia programu: vipande vifupi vya programu ambavyo kila mwandishi wa programu huvihitaji, cha kupanga orodha, cha kuondoa yanayojirudia, cha kugawa orodha ndefu mafungu mafungu. Zamani alivichukua tu, vimeundwa na wengine. Sasa alitaka aviunde mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mpaka aelewe kila mstari.

Kilichomshinda zaidi ni majina. Kipande cha kwanza kilipitia orodha na kubakiza yanayotakiwa pekee. Kilifanya kazi vizuri, lakini asubuhi nzima kilikosa jina.

"Ile... ya chai," alisema hatimaye.

Syokau aliacha kushona, akaenda jikoni, akarudi na kichujio.

"Hii, Fanuel?"

"Chu... chuja."

Akaandika. Syokau akarudi kwenye cherehani, lakini kwa muda hakuweza kuuona uzi.

Maktaba ikakua polepole. Katikati ya kazi hiyo, kampuni ikamwandikia kwamba nafasi yake imepewa mtu mwingine. Fanuel alisoma, akafunga laptop, asiiguse siku kadhaa. Syokau hakumsukuma. Kisha asubuhi moja akairudia.

Ilipokamilika aliiweka mtandaoni, anayetaka aichukue bure. Kukawa kimya. Kisha mtu asiyemjua, aliyejiita Munyoki, akaandika: "Hiyo programu yako ya 'gawa' ina kasoro. Ukiipa sifuri kama ukubwa wa fungu, haisimami, inazunguka tu. Ungeijaribu kwanza kabla ya kuiweka hapa."

Syokau alikasirika. "Huyu hana adabu. Hajui umepitia nini."

"Hajui," Fanuel alisema. Akatafuta neno, akalipata. "Ndiyo maana... nimefurahi."

Alirekebisha kosa kabla ya chakula cha mchana, akamjibu kwa mstari mmoja, kwamba ni kweli na ameshalitengeneza. Munyoki hakumsifu. Alimwonyesha kasoro nyingine.

Mkono wa kulia haukupona, na kazi ya Nairobi ndiyo hiyo ilikwisha. Maneno mengine hurudi, mengine hapana. Fanuel na Munyoki wanaandikiana mpaka leo, wakibishana kuhusu mistari ya programu, na Munyoki bado hajaambiwa kuhusu kiharusi.